Keki ya harusi kwa watu 290 kwa shilingi 350,000: uzoefu wangu hapa Kigoma

Mwaka juzi nilikaa meza ya nyuma kabisa kwenye harusi ya binamu yangu. Keki ilikuwa ya ghorofa tano, ina vingazi pembeni na taa ndani yake. Tukapiga vigelegele ilipokatwa, wazazi wakalishwa, meza kuu wakala, ndipo sinia likaanza kuzunguka. Lilipotufikia lilikuwa na makombo na vijiti vitatu. Pembeni yangu alikaa mama mdogo, aliyetoka Kasulu alfajiri, na mchango wake alikuwa ameumaliza kabla ya tarehe. Akalitazama lile sinia, akasema, "Si neno mwanangu, nimeshaiona." Hiyo "nimeshaiona" sijaisahau mpaka leo.

Mwaka huu ikawa zamu ya mdogo wangu kuoa, na kamati ikanipa uweka hazina. Nikasema moyoni, safari hii hakuna mtu atakayekula keki kwa macho. Bajeti ya keki ilikuwa 400,000. Nilipita kwa wapika keki wawili wa Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, na wote walianza na swali lilelile: "Unataka ghorofa ngapi?" Mmoja alinitajia 900,000 kwa ghorofa nne. Nilipomwuliza italisha watu wangapi, akanijibu, "Wengi tu."

Wa tatu ni mama mmoja anayepikia nyumbani kwake, njia ya kwenda Ujiji. Jina lake siliweki hapa, kwa sababu nina ya kumsifu na nina ya kumlalamikia, na yale ya kumlalamikia tumeshamalizana wenyewe. Huyu kabla hata sijakaa aliniuliza, "Watakula wangapi?" Nikamwambia tumetoa kadi 180. Akatikisa kichwa. "Dada, kadi haili keki. Dabo ngapi, singo ngapi?" Tukahesabu: dabo 80 za watu wawili wawili, singo 100 za mtu mmoja mmoja, tayari ni watu 260. Akanikumbusha watoto wanaokuja wamebebwa bila kadi, wapiga picha, watu wa muziki, madereva, na akina mama wa jikoni, ambao kwenye harusi nyingi huosha sahani usiku kucha bila kuonja chochote kitamu. Tukafika 290.

Hesabu yake aliiandika nyuma ya bahasha, na ninaiweka hapa kwa sababu imenisaidia kuliko kitu kingine chochote. Kipande cha keki ya harusi ni inchi 1 kwa inchi 2. Si kipande cha birthdei. Keki ya duara ya inchi 8 inatoa vipande 24 vya namna hiyo, ya inchi 6 inatoa 12. Keki ya treyi ya inchi 12 kwa 18 inatoa 108 kwenye karatasi, lakini ukiondoa kingo zilizokauka na vile vinavyovunjika, weka akilini 95. Kwa hiyo tukakubaliana hivi: mbele ya ukumbi keki ndogo ya kupendeza, inchi 8 chini na inchi 6 juu, kwa 140,000. Jikoni treyi tatu zisizo na mapambo, 50,000 kila moja. Na vikeki vitatu vya nusu kilo vya kukabidhi: wazazi wa bwana harusi, wazazi wa bibi harusi, na kamati, 20,000 kila kimoja. Jumla 350,000. Nikatoa nusu kama advansi, nikaandika kwenye daftari, akasaini.

Nilimwekea sharti moja. Treyi za jikoni zitoke kwenye mchanganyiko uleule wa keki ya mbele: mayai yaleyale, vanila ileile, krimu ileile. Nimeshaona harusi ambako meza kuu wanakula keki laini na huku nyuma tunatafuna mkate wenye sukari. Watu wanatambua. Hawasemi, lakini wanatambua. Alikubali bila ubishi. Yeye naye akanirekebisha nilipotaka ghorofa moja liwe keki ya matunda. Aliniuliza kama wageni wa Ujiji watakuwepo. Watakuwepo wengi, majirani na wafanyakazi wenzake bwana harusi, na ni Waislamu. Akasema matunda ya keki ile wengi huyaloweka kwenye brandi, na hata ukiyaloweka kwenye juisi, mgeni hawezi kujua, atabaki na wasiwasi mdomoni. Tukaweka vanila na maganda ya chungwa yaliyokunwa. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Mzozo ulikuwa kwenye kamati. Ili keki isionekane fupi, yule mama alipendekeza chini kabisa aweke ghorofa la inchi 10 lisilo la kweli, lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye maboksi ya televisheni, alipake krimu na maua kama yale mengine. Mwenyekiti wetu, baba mdogo, alisimama. "Tuwaite watu waje tuwalishe povu?" Nikamjibu kwamba hakuna atakayelishwa povu, na hakuna atakayekosa keki. Usiku ule nikasoma kidogo kwenye simu, kesho yake nikamsomea. Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, sukari ilikuwa ya mgao, na mwaka 1940 serikali ilipiga marufuku kupaka keki sukari kwa nje. Maharusi wakawa wanakodi kifuniko cha kadibodi au plasta ya jasi, kina ghorofa na maua yake, wanakiweka juu ya kikeki kidogo. Picha zikishapigwa kifuniko kinainuliwa, kikeki kinakatwa. Baba mdogo akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe na wao." Hoja ikapita.

Siku yenyewe tulipatana keki ifike ukumbini saa 10:00 jioni. Ilifika saa 10:50. Ilikuja kwa bajaji, boksi limepakatwa na binti yake, na wote tunajua joto la huku ziwani saa hizo linavyokuwa kabla upepo wa jioni haujaanza. Krimu yake ni ya majarini na sukari ya unga. Ua moja lilikuwa limeshateleza kutoka ghorofa la juu, limeacha mstari wa waridi mpaka chini. Alilitengeneza palepale kwa kisu chake kipana, vizuri sana, lakini mimi mapigo ya moyo yalishanienda mbio. Nilimwuliza mapema kama fondanti, ule ukoko laini wa sukari unaofunika keki, ingestahimili zaidi, akasema ingeongeza 60,000 na watu huibandua wakaiacha kwenye tishu. Hapo nakubaliana naye. Basi atoke nyumbani mapema, au alete krimu ya maua kwenye jagi la barafu apambie ukumbini. Joto la Kigoma halikumjia kwa kushtukiza.

Kwenye ukataji alifanya jambo dogo la maana. Alizungusha utepe wa dhahabu kwenye ghorofa la kati, lile la inchi 8, akawaonyesha maharusi: kisu kiingie juu ya utepe. Mdogo wangu kwa furaha akausahau utepe, akashusha kisu kwenye ghorofa pana la chini. Nilikuwa karibu, nilisikia povu likilia, mlio mwembamba kama kucha kwenye ubao. Msimamizi wa bibi harusi akamgusa kiwiko, MC akapandisha muziki, kisu kikapanda juu, kikaingia kwenye keki. Kwa anayefikiria kuweka ghorofa la namna hii: wafanyishe maharusi mazoezi, na msimamizi ajue.

Wifi yangu alipiga magoti akamlisha mama, kisha baba, wakakabidhiwa vikeki vyao. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshakimbilia jikoni, na huko ndiko nilikoona kazi. Yule mama alikuwa na kisu kirefu cha mkate, jagi la maji ya moto na taulo jeupe. Anachovya kisu, anafuta, anakata mara moja kuanzia mwanzo wa treyi hadi mwisho bila kukisugua huku na huku, anachovya tena, anafuta. Alikuwa na fito aliyoitia alama za inchi kwa kalamu. Anailaza juu ya krimu, anaweka vidokezo, anakata. Treyi nzima ikawa miraba midogo iliyosimama wima, hakuna kilichomomonyoka. Kwa keki ya duara hakati pembe kama pai. Anakata kwanza duara la ndani, inchi 2 kutoka ukingoni, kisha ule mzunguko anaukata vipande vya inchi 1, ndipo anahamia katikati. Binti yake anafuata nyuma akichomeka kijiti cha meno kwenye kila kipande, ili mgeni ashike kijiti chake na asiguse cha mwenzake.

Ugawaji tuliupanga na yeye siku mbili kabla, na alitudai wahudumu wanane. Wazee wote tuliwahudumia kwanza popote walipokaa, kwa shikamoo na kuinama, na mzee anachukua mwenyewe kwenye sinia, hatiliwi mkononi kama mtoto. Baada yao, wahudumu sita wakaanzia meza za nyuma na wawili wakaanzia mbele. Kamati ililibishia hilo, wakasema mbele kuna wakubwa. Lakini wakubwa wa mbele hawakosi kamwe. Sinia likianzia mbele, makombo yanakuwa ya nyuma siku zote. Wahudumu walikatazwa kumwuliza mgeni "umeshapata?" Neno hilo linamfanya mtu mzima aone anashukiwa wizi wa keki. Unasema "karibu keki," aliyepata atasema ahsante nimepata, na anayetaka cha pili kwa ajili ya mtoto aliyebaki nyumbani unampa bila kumhoji, mradi raundi ya kwanza imekamilika.

Tulifanya yote hayo kabla ya chakula. Bafe ikishafunguliwa, watu wakashika migebuka na mboga za mawese, keki haina nafasi tena mkononi wala kwenye meza. Kuanzia kisu kupanda mpaka meza ya mwisho zilitumika dakika 25. MC alijaza muda ule kwa utambulisho wa ukoo wa bibi harusi, hakuna aliyeona pengo.

Mama mdogo wa Kasulu alikuwepo, meza ya nyuma vilevile, maana ndiko anakopenda, karibu na mlango. Alipata kipande miongoni mwa watu wa kwanza ukumbi mzima. Alikula, akavikunja vingine viwili kwenye tishu, akaviweka kwenye mkoba juu ya kitambaa chake cha kichwa. Sikumwambia kitu, nilipita tu. Vilibaki vipande 23, vikaenda kwa akina mama wa jikoni na walinzi.

Sasa lawama. Kuchelewa nimeshasema. La pili, aliahidi vijiti vya meno 300 akaleta pakiti ya 200, na tukatuma kijana dukani huku treyi ya tatu imeshakatwa. La tatu ndilo lililoniuma. Kikeki cha kumkabidhi mama yangu kilikuwa kimeandikwa "Mama Bibi Harusi". Mama yangu ni mama wa bwana harusi. Alikipokea mbele ya watu wote, akakiangalia, akatabasamu kwa heshima, lakini mimi namjua mama yangu. Maneno nilikuwa nimemwandikia kwenye ujumbe, yapo, sikukosea. Nilipomwonyesha kesho yake hakujitetea. Aliomba radhi, akarudisha 20,000 ya kikeki kile, na Jumapili akampelekea mama kingine nyumbani, kimeandikwa sawasawa. Ndiyo maana nasema tumemalizana.

Kwa jumla nampa nyota nne kati ya tano. Kwa hesabu na ukataji ningempa zote tano. Nusu ya nyota imeondoka na lile ua lililoteleza, nusu nyingine na maandishi ya mama.

Wanaotaka kufanya hivi na mpishi yeyote, mpelekeni idadi ya watu, si idadi ya kadi, wiki tatu kabla. Maandishi ya keki za wazazi mwandikieni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, abandike ukutani anapopikia, na mmoja wenu akayasome kabla boksi halijafungwa. Mimi nimeshampa oda ya send-off ya binti wa kaka yangu, watu 150, treyi mbili na kikeki kimoja cha kukata. Safari hii nitamfuata mwenyewe saa 8:00 mchana, na vijiti vya meno nitanunua mimi.