TAHADHARI: Ukiambiwa dhahabu au zawadi yako "imekwama" uwanja wa ndege wa Kotoka, Accra, usitume pesa

Ndugu zangu, naomba msome hii kabla hamjatuma hata shilingi moja kwenda Ghana. Kuna watu wanajitambulisha WhatsApp kuwa ni wauzaji wa dhahabu, mawakala wa mizigo au maofisa wa forodha walioko uwanja wa ndege wa Kotoka, Accra. Namba zao zinaanza na +233, ambayo kweli ni ya Ghana. Uwanja wanaoutaja upo kweli, na ndege wanazozitaja zinaruka kweli. Mzigo ndio haupo. Pesa ukishaituma, mara nyingi hairudi.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Dar es Salaam na riziki yangu inatokana na mizigo ya ndege. Hivi karibuni alinijia ofisini sonara mmoja wa Kariakoo, mtu mzima ninayemheshimu sana, na bahasha ya karatasi mkononi. Alitaka nimsaidie kuandaa upokeaji wa kilo tano za dhahabu kutoka Accra. Nilipofika karatasi ya tatu nilimwomba akae chini kwanza.

Tapeli aliyempata alianza kwa upole. Alijitambulisha kuwa ni mtoto wa chifu wa kijiji chenye machimbo, akamwita mzee "baba", akamtumia picha za vipande vya dhahabu juu ya mizani. Bei ilikuwa chini ya ile ya London kwa karibu robo. Hapo peke yake ilitosha kuondoka. Bei ya dhahabu ya London hutangazwa mara mbili kila siku ya kazi na inasomwa na mchimbaji wa Obuasi, mji wa machimbo huko Ghana, sawa na mnunuzi wa Dubai. Mtu mwenye dhahabu halali mkononi hana sababu ya kumpunguzia robo nzima mgeni asiyemjua, aliyeko upande wa pili wa bara.

Mzee alikubali, akaambiwa mzigo umeshafika Kotoka na umebaki "kutolewa" tu. Akatuma ada ya kuutoa. Ikaja bima, akatuma. Sasa alikuwa anadaiwa cheti cha kuthibitisha kuwa dhahabu haihusiani na ugaidi, na ameambiwa asipolipa hadi Ijumaa saa kumi jioni mzigo utataifishwa. Wanangu, cheti hicho hakipo. Sijawahi kukiona kwenye mzigo wowote, wa dhahabu wala wa samaki. Huwa kinatungwa pale mteja anapoonekana bado ana kitu mfukoni, na baada yake kingekuja kingine.

Tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo mnaweza kujilinda wenyewe bila kumlipa mtu.

Mzigo wa ndege una hati ya kusafirishia tunayoiita AWB (air waybill). Namba yake ina tarakimu 11. Tatu za mwanzo ni za shirika la ndege: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Zinabaki nane. Chukua saba za kwanza kati ya hizo nane, gawanya kwa 7, na kinachobaki lazima kiwe tarakimu ya nane. Kwa mfano 1234567 ukigawanya kwa 7 unabakiwa na 5, kwa hiyo namba kamili inakuwa 12345675. Kwa kuwa baki ya kugawanya kwa 7 haizidi 6, AWB inayoishia na 7, 8 au 9 haiwezi kuwa ya kweli. Ya mzee ilikuwa inaishia na 9. Tena ilianza na 071 wakati yeye ameambiwa mzigo unapita Dubai na Emirates. Namba ikipita mtihani huo bado usiamini, kwa sababu mwizi mwenye akili anaweza kunakili ya mzigo wa mtu mwingine. Ingia kwenye tovuti ya shirika la ndege lenyewe, sehemu ya kufuatilia mizigo, uandike namba hiyo. Usitumie kiungo alichokutumia yeye. Wana tovuti zao za "kufuatilia" ambazo zinaonyesha mzigo umesimama Accra unasubiri malipo, na wanaobadilisha maneno hayo ni wao wenyewe.

Jambo la pili ni anayepokea pesa. Forodha ya Ghana iko chini ya GRA, mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, na tangu 2020 mizigo inashughulikiwa kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa ICUMS. Ushuru unaingia serikalini. Mzee alikuwa anatuma kwa majina ya watu binafsi, na majina yalibadilika kila mara. Ofisa wa forodha halipwi ushuru wa serikali kwenye MoMo (pesa za simu) ya jina lake, wala la mke wake, wala la "mhasibu wa uwanja". Na ushuru wa kuingiza mzigo Tanzania unalipwa TRA, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, mzigo ukishafika huku. Kenya ni KRA. Anayekudai Accra ushuru wa Dar es Salaam anakuibia.

Sasa sheria ya Ghana, na hili wengi hawalijui. Mwaka 2025 Bunge la Ghana lilipitisha Sheria namba 1140 iliyounda chombo kinachoitwa GoldBod. Dhahabu ya wachimbaji wadogo inanunuliwa, inapimwa na kusafirishwa nje chini ya chombo hicho, na wageni waliamriwa kutoka kwenye soko la ndani la dhahabu ifikapo tarehe 30 Aprili 2025. Mgeni anayetaka dhahabu ya Ghana anapeleka maombi kwa GoldBod yenyewe. Kwa hiyo kijana anayekuuzia kilo tano "moja kwa moja kutoka kijijini" anakualika kwenye kosa la jinai hata kama dhahabu ingekuwepo. Migodi mikubwa ina utaratibu wake wa kuuza, na haitafuti wateja kwa WhatsApp usiku. Karatasi za mzee zilikuwa na nembo ya PMMC, kampuni ya serikali iliyokuwa ikifanya kazi ya upimaji kabla ya GoldBod. Mwizi alikuwa anatumia fomu za zamani bila hata kuzibadilisha tarehe vizuri.

Na fikirini hili, maana ndilo lililomfanya mzee anyamaze kwa muda mrefu. Mwenye kilo tano za dhahabu anashindwaje kulipa ada ya dola mia kadhaa? Si auze gramu chache hapo hapo Accra? Nimeulizwa na vijana, "Lakini labda imeshafungwa na forodha." Basi mwambie akate gharama hizo kwenye bei, utalipa zote dhahabu ikishapimwa mbele yako. Atakuja na sababu nyingine. Hakuna anayekubali sharti hilo, kwa sababu hana cha kupimisha.

Kuna picha moja nataka muijue kwa sababu inazunguka sana: kijana ameshika sanduku dogo la chuma kwa mkono mmoja, chini imeandikwa kilo 80. Lita moja ya dhahabu ina uzito wa kilo 19.3, kwa hiyo kilo 80 ni zaidi kidogo ya lita nne na zinaingia kwenye sanduku hilo bila shida. Ila huyo kijana asingelishika kwa mkono mmoja huku anatabasamu. Video nazo zisikudanganye. Mzee alitumiwa ya mtu aliyevaa kizibao cha kuakisi mwanga, nyuma yake ndege. Jengo la abiria la Terminal 3 la Kotoka linalohudumia safari za kimataifa limefunguliwa tangu 2018, na watu wengi hupita humo na simu zao. Picha ya uwanja inathibitisha kuwa uwanja upo, basi.

Wapo wanaoalikwa waende wenyewe. Wanapokewa nje ya uwanja kwa gari zuri, wanapelekwa kwenye "ofisi", wanawekewa dhahabu kidogo mbele yao na inayeyushwa. Hiyo mara nyingi ni ya kweli. Sanduku linalofungwa baadaye ndilo lina shaba. Tafadhali, usipande gari la mtu uliyemjua kwa simu tu, hata kama ameshika bango lenye jina lako.

Kinamama na dada zangu, kwenu inakuja kwa njia nyingine. Mchumba wa mtandaoni, mara nyingi anajiita mhandisi au mwanajeshi aliye safarini, anasema amekutumia boksi lenye simu, vito na pesa taslimu, na limezuiliwa Kotoka. Au anasema yeye mwenyewe amezuiliwa pale akija kukuona: hana kadi ya homa ya manjano, au maofisa wanataka aonyeshe "posho ya safari" ya dola elfu kadhaa ndipo apande ndege. Kadi ya manjano Ghana inadaiwa kweli kwa anayeingia, ndiyo maana uongo huu unaingia akilini. Lakini hakuna ofisa wa uwanja anayedai mchumba aliyeko Mombasa atume pesa. Mwanamke mmoja ninayemfahamu aliuza kiwanja cha marehemu mume wake kwa ajili ya boksi la namna hiyo. Watoto wake walijua baadaye, mnunuzi alipoanza kujenga.

Sitaki mtu achukue maneno haya akaanza kuwatukana Waghana. Nafanya kazi na mawakala wa Accra ambao ni waaminifu kuliko wengi ninaowajua hapa, na wao ndio wanaoumia jina la uwanja wao likichafuliwa. Pia mchezo huu si wa Ghana peke yake. Mwaka 2019 Nairobi kulikuwa na sakata la dhahabu iliyodaiwa kuzuiliwa JKIA, na waliolengwa walikuwa wanunuzi wa Dubai. Kampala nako kuna mengi. Jina la uwanja linabadilika tu kulingana na umbali wako, kwa sababu wanataka uwe mbali usiweze kwenda kuuliza.

Kama umeshatuma, acha leo. Usimwambie kuwa umemgundua, na usifute mazungumzo. Hifadhi namba, majina ya wapokeaji, risiti na hati zote. Piga simu benki au kampuni uliyotumia kutuma pesa saa hiyo hiyo, kwa sababu pesa ambayo haijachukuliwa upande wa pili inaweza kuzuiwa. Kisha nenda polisi, upate namba ya kumbukumbu, na upeleke nakala ubalozi wa Ghana ulio karibu nawe. Kwa aliye ndani ya Ghana, mamlaka yao ya usalama wa mtandao inapokea taarifa kwa namba fupi 292.

Baada ya wiki chache atakupigia mtu mwingine kabisa. Atajiita wakili, au ofisa wa polisi wa mtandao wa Accra, atasema wamemkamata mwizi na pesa zako zimepatikana, ila kuna ada ndogo ya mahakama ili zirudishwe. Atakuwa anajua kiasi ulichotuma na tarehe ulizotuma. Anajua kwa sababu ni kundi lile lile, au wameuziana namba yako. Mzee wa Kariakoo ameshapigiwa. Alinipa simu nikaongea nao, nikawauliza jina la mahakama, wakakata.