Mold kwenye laptopu ya kore nne: uzoefu wangu

Anayeandika C++ au Rust kwenye Linux anaijua hali hii. Umebadilisha mstari mmoja, kompaila imemaliza ile faili moja chapchap, halafu kila kitu kinasimama kwenye hatua ya mwisho, ya kuunganisha. Hapo linka, yaani programu inayounganisha vipande vilivyokwisha kukompailiwa, inatafuta simboli (majina ya fanksheni na data) za mradi mzima, hata za faili ambazo hukuzigusa. Mold ni linka, inashughulika na hatua hiyo tu, na kwangu imelipa.

Mtunzi wake ni Rui Ueyama, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameandika lld, linka ya mradi wa LLVM, na toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2021. Si kazi ya mtu anayebahatisha, na ukiitumia unaliona hilo.

Kasi inatoka wapi? Kila faili ya obijekti, ile inayotolewa na kompaila, inakuja na jedwali la simboli: hizi ninazo, hizi nazihitaji. Linka ndiyo inayowakutanisha wenye nazo na wanaozitaka. Sasa angalia majina yenyewe. Kwa kompaila ya GCC, push_back ya vekta ya int inaitwa _ZNSt6vectorIiSaIiEE9push_backERKi. Hilo ni fupi. Weka templeti ndani ya templeti uone jina likipita herufi mia. Tena jina hilohilo linajirudia katika kila faili iliyoitumia templeti ile, na mengi yanafanana mwanzo hadi katikati, kwa hiyo kuyalinganisha herufi kwa herufi ni kazi ya kuchosha. Mold inayatia yote kwenye jedwali moja la hashi (la kutafuta jina haraka) ambalo nyuzi nyingi, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba, zinaweza kulijaza kwa pamoja. Kila jina linapata nafasi moja tu kwenye kumbukumbu, na kuanzia hapo kujua kama simboli mbili ni ileile ni kulinganisha anwani mbili, basi. Nilichokipenda zaidi ni kwamba nyuzi hazivurugi matokeo: faili mbili zikileta fanksheni moja, mshindi anajulikana kwa mpangilio wa faili, wala si kwa uzi uliowahi kufika.

Kuiweka ni rahisi. GCC kuanzia 12.1 inaikubali bendera -fuse-ld=mold, kompaila ya Clang pia. Kwa GCC ya zamani, endesha mold -run make. Ukimaliza, hakikisha kwa readelf -p .comment ukifuatisha jina la programu yako. Jina la mold lazima lionekane humo. Usiiruke hatua hii, kwa sababu mifumo mingine ya kujenga inazimeza bendera zako kimyakimya na unabaki kuisifia linka ambayo haikufanya kazi.

Vipimo alivyochapisha mtunzi vinasema kuunganisha Clang 19 kunachukua sekunde 42.07 kwa GNU ld, linka ya kawaida ya Linux, na 1.35 kwa mold. Hiyo ni kwa kore 16. Ukiwa na nne kama mimi, usitegemee pengo hilo, ingawa bado unalisikia: programu inaanza kukimbia kabla sijabadilisha dirisha. Anayetoka GNU ld atafurahi sana. Anayetoka lld, kwa mashine ndogo, sitamshawishi kwa nguvu.

RAM ndiyo iliyonisumbua. Mradi wenye majaribio mengi unaunganisha programu kadhaa kwa mpigo, na kila mold inataka kore zote na nafasi yake. Dawa ni kuweka kigeu cha mazingira MOLD_JOBS=1, ili zisubiriane. Kwa C++ ongeza -gsplit-dwarf. Taarifa nyingi za kudibagi zinabaki nje na linka haizisomi kabisa.

Kuna na mtego mmoja. GNU ld inasoma maktaba za .a kutoka kushoto kwenda kulia, na ukikosea mpangilio inalalamika kwamba simboli haipo. Mold haijali mpangilio. Raha, mpaka mwenzako mwenye GNU ld avute msimbo wako na ukatae kuunganika kwake. Kama timu yenu imechanganyika, seva ya kujengea ibaki na linka ya kawaida.

Kwa kerneli ya Linux, au programu za vidhibiti vidogo zinazotegemea hati za linka kupanga kumbukumbu, iache; haikukusudiwa huko. Wala haitakuokoa na faili za vichwa (header) za C++ zinazokula dakika nzima, maana hiyo ni kazi ya kompaila yenyewe. Leseni, iliyokuwa ikiwatisha wengi ilipokuwa AGPL yenye masharti makali, ni MIT yenye masharti mepesi tangu toleo la 2.0 la mwaka 2023, kwa hiyo hata ofisini unaweza kuiweka bila kuanza kumtafuta mwanasheria.