Bushi za mpira au za poliyurethani kwa mikono ya suspensheni ya kujitengenezea

Bushi ni kipande cha mviringo kinachokaa kwenye tundu la mwisho wa mkono, yaani chuma kinachounganisha ekseli na fremu ya gari. Ya mpira imegandishwa kwenye bomba lake la ndani, linalopitisha boliti. Mkono ukipanda na kushuka, mpira wenyewe ndio unaojinyonga. Kwa hiyo nati za boliti hizo zikazwe gari likiwa limekalia magurudumu yake, la sivyo mpira utachanika mapema. Humeza mtikisiko, na hukubali mkono kujipinda kiubavu, jambo ambalo njia ya mawe hulidai kila mara. Ila huhitaji presi (mashine ya kuisukumia ndani kwa nguvu), na tundu lililopotoshwa na joto la kuchomelea haliipokei vizuri.

Ya poliyurethani, aina ya plastiki ngumu, huja vipande viwili, huingia bila presi, na oili haiidhuru haraka. Isipopata grisi hulia. Ni ngumu pia: mkono ukijipinda, nguvu huhamia kwenye maungio yaliyochomelewa. Kwa ekseli inayopanda na kushuka sana kila upande, ningefunga mpira.