V for Vendetta darini Lamu: steringi kafa na watu wakagombana

Naanza na hukumu yangu kabisa, asije mtu akasoma mpaka chini ndo ajue: picha ni nzuri, itafute uitazame, ila usiitazame ukingoja vita. Wengi waliopanda darini kwetu Lamu, tulikoionyesha kwa projekta, walivutwa na ile barakoa, ule uso mweupe wenye masharubu na kitabasamu cha dharau, wameshaiona kwenye simu na kwenye maandamano ya dunia nzima, wakajua leo ni mabomu mwanzo mwisho. Mabomu yapo ndio, mazito yenyewe ni la mwanzoni na la mwishoni, na picha nzima ni saa mbili na dakika 12, kwa hivyo hapo katikati jiandae watu wanaongea. Na mi nasema hapo katikati ndo penye utamu wote.

Kwa asiyeijua, ilitoka 2006, dairekta ni James McTeigue, walioiandika ni wale Wachowski wa The Matrix, na imetokana na hadithi ya michoro ya Alan Moore na David Lloyd ya miaka ya 80. Moore mwenyewe hakutaka hata jina lake liwekwe kwenye sinema, akasusa. Stori ni ya Uingereza ya miaka ya mbele, ugonjwa umeua watu wengi, chama kimoja kikaingia madarakani kwa ile hofu, sasa kuna kafyu, kuna askari kanzu wanaitwa Fingermen, kuna televisheni inayosema uongo asubuhi na jioni, na juu yao wote kuna mkubwa mmoja anaitwa Sutler ambaye kazi yake ni kufoka kwenye skrini kubwa kama ukuta. Sutler kachezwa na John Hurt, na hapa wapenzi wa sinema watacheka maana huyu huyu John Hurt ndiye aliyecheza yule mnyonge Winston Smith anayesagwa na serikali kwenye ile sinema ya 1984. Miaka ishirini na kitu baadaye kapandishwa cheo.

Sasa kilichonishangaza ni jinsi watu wa hapa walivyoipokea. Mwanzoni tu kuna yule dada Evey, kachezwa na Natalie Portman, anatoka nje kafyu ishaingia, anakamatwa kichochoroni na Fingermen na nia yao mbaya inaonekana wazi, ndo yule mwenye barakoa, V, anatokea kumuokoa. Huko kwingine labda watu wanangoja kuona visu vyake. Darini kwetu watu walishaanza kuongea juu ya kafyu. Mtu wa Lamu aliyeshika 2014 baada ya mashambulizi ya Mpeketoni hahitaji kuelezwa ile hali, magharibi ikiingia mlango ufungwe, mgonjwa akizidiwa usiku unaanza kujiuliza nani utakutana naye njiani. Halafu 2020 ikaja ya korona, tukafungiwa tena mpaka Oktoba 2021. Ami mmoja mvuvi aliyekaa karibu na ngazi, hata hakugeuka, akasema, "Hao wamefungiwa ndia tu mwanangu, siye tulifungiwa bahari." Na ni kweli, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku huku na ile kafyu ya 2014 ilipoondoka marufuku haikuondoka nayo. Kijana mmoja wa Nairobi aliyekuja kutembea akauliza kwani samaki si wanavuliwa mchana pia? Akaelezwa, na alielezwa kwa muda mrefu, mpaka tukakosa kipande kizima cha picha.

Kile kipande cha V kujitambulisha kwa maneno karibu yote yanayoanza na herufi V vijana walikiona kirefu, wakaanza kuangalia simu. Wazee walikipenda ajabu. Mtu anayejua kucheza na maneno huku hakosi wa kumpigia makofi hata kama hawakushika nusu ya anachosema.

Sasa nije kwa Gordon Deitrich maana hapa ndipo picha ilipotushika wote. Gordon (kachezwa na Stephen Fry) ni mtangazaji wa vichekesho, tajiri, mcheshi, serikali inampenda. Evey akikimbilia kwake kujificha, anamuonyesha chumba chake cha siri, na mle ndani ameweka vitu vyote vilivyopigwa marufuku, picha, michoro ya kumkejeli mkubwa, na ndani ya kabati la kioo, msahafu. Msahafu wa karne ya 14 umefunguliwa, kurasa zinawaka dhahabu. Evey anamuuliza kwani wewe ni Muislamu? Anamjibu hapana, mimi ni mtu wa televisheni, lakini si lazima niwe Muislamu ndo niuone uzuri wake.

Wallahi pale dari ilipiga kelele. Kuna mtu alisema rudisha rudisha, ikarudishwa, akainuka akasogea mpaka mbele ya ukuta kuangalia hati. Mji huu una watu ambao mababu zao waliandika misahafu kwa mkono, Siyu hapo tu kisiwani Pate walikuwa wanaandika karne ya 18 na ya 19, wino mweusi na mwekundu na mapambo pembeni, hata leo ukitaja Siyu mbele ya mtu anayejua hati atakwambia. Kwa hivyo hawa hawakuona kitu cha kigeni kwenye kabati la mzungu, waliona kitu cha nyumbani. Halafu Gordon akafanya ule mchezo wa kumkejeli Sutler kwenye televisheni, wakaja usiku wakamvunjia mlango, na baadaye ndo tunasikia kwamba kejeli peke yake labda angepona, kilichommaliza ni ule msahafu kupatikana nyumbani kwake. Wakamuua. Mtu ambaye hata si Muislamu. Bibi mmoja aliyekuja kumfuata mjukuu wake, alikuwa amesimama tu mlangoni muda wote ule akisema anaondoka, akaketi. Hakuondoka tena.

Mimi nimesoma maoni ya watu wengi juu ya hii picha, wanaongea barakoa, wanaongea mapigano, wanaongea bunge kulipuka, hicho kipande cha Gordon wanakipitia juu juu. Kwangu mimi ndo kipande kinachoeleza udhalimu kuliko hotuba zote za V zikijumlishwa. Serikali inayoogopa mtu anayechekesha na kitabu kilichofungiwa kwenye kabati, hiyo unaijua ilivyo bila kuambiwa zaidi.

Kuanzia hapa naeleza kilichotokea mbele, usiyetaka kuharibiwa ruka paragrafu nne.

Evey anakamatwa, ananyolewa nywele. Zile ni nywele za Portman kwelikweli, zilinyolewa mbele ya kamera, kwa hivyo hakukuwa na kurudia. Uso wake pale sio wa kuigiza. Anatiwa selo, anateswa ataje V yuko wapi, na kwenye tundu ukutani anapata barua ya mfungwa aliyekuwa selo ya pili, Valerie, imeandikwa kwenye karatasi ya choo. Valerie alikuwa mwigizaji, alifungwa kwa sababu alipenda mwanamke mwenzake, na anaeleza maisha yake yote mpaka mwisho. Nasema ukweli, hapo kuna walioshuka chini kunywa chai, na kuna aliyesema irushwe mbele. Haikurushwa. Ukiitazama na wazazi au wakwe ujue mapema kipo hicho kipande na ujipange. Lakini bila ile barua picha haisimami, kila kitu V anachofanya kimezaliwa pale.

Na ile karatasi ya choo msidhani ni mambo ya sinema tu. Abdilatif Abdalla, huyu wetu wa Mombasa, alifungwa 1969 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya twendapi, akakaa ndani miaka mitatu, na mashairi yake aliyaandika mle gerezani kwenye karatasi za choo. Maalimu mmoja darini aliyataja haya kabla yangu, na beti akasoma, bila kuangalia popote. Kwa hivyo sisi tulikuwa na picha mbili kwa wakati mmoja.

Sasa ugomvi. Inakuja kujulikana kwamba jela ile ilikuwa ya uongo. Aliyemfunga Evey, aliyemnyoa, aliyemtesa, ni V mwenyewe, ati amfundishe kutoogopa. Vijana wakasema sawa, si ameponyeka, si anasimama kwenye mvua kama mtu aliyezaliwa upya? Yule Ami akakataa kabisa. "Ukimfunga mtu kwa uongo, hata nia yako iwe asali, wewe na huyo unayemwita dhalimu mmekwenda chuo kimoja." Mmoja akamwambia, Ami, lakini alimpenda. Akajibu hata hao wakubwa wanasema wanawapenda raia. Zikaendelea hizo mpaka picha ikabidi isimamishwe. Na mi niko upande wa Ami. Picha inaleta swali zito halafu inalikimbia, dada anakasirika dakika chache, baadaye kasamehe, baadaye tena kapenda, na sisi tunatakiwa tuendelee kumshangilia V kama hakufanya kitu. Hiyo ndo nyota niliyomnyima. Ningeipenda zaidi kama ingemwacha Evey na hasira zake mpaka mwisho.

Jambo la pili lililowaudhi watu ni kwamba steringi anakufa. Sheria ya mabanda ya video tangu enzi za kaseti ni moja, steringi hafi, na huyu anapigwa risasi nyingi kule stesheni ya Victoria mpaka basi. Kuna walioamini kabisa atafufuka. Na uso hatuuoni hata mara moja! Hugo Weaving yuko nyuma ya barakoa karibu picha nzima, anachoigizia ni sauti na shingo tu, anainamisha kichwa kidogo wewe unaona amehuzunika, na ile ni barakoa tu. Huyo mpe heshima yake.

Haya waliorudi karibuni. Mwisho kuna umati, watu wote wamevaa barakoa wanatembea kimya kwenda bungeni, muziki unapigwa ule wa Tchaikovsky unaoitwa 1812 wenye mizinga, Warusi walimtoa Napoleon mwaka huo. (Karibu miaka hiyo hiyo watu wa Lamu waliwapiga Wamazrui wa Mombasa na Wapate pale ufuoni Shela, na maalimu hakuacha kutukumbusha.) Hapo kila mtu darini aliwaza Juni 2024, hakukuwa na haja ya kusema. Tarehe 25 wabunge wakapitisha mswada wa fedha, vijana wakaingia bungeni Nairobi, watu wakauawa, kesho yake rais akasema hatii sahihi. Kijana wetu wa Nairobi akasema picha imetabiri. Mi naona imekosea, tena imekosea vizuri. Kule London watu wanangoja mwaka mzima mtu mmoja awaite, awagawie barakoa, awalipulie jengo. Wale wa Nairobi hawakuwa na wa kuwaita, waliitana wenyewe kwenye simu, nyuso wazi, na ndiyo maana wengine walifuatwa mpaka majumbani. Lile jambo la nyuso wazi picha haikuliwaza kabisa. Na huyo Guy Fawkes, Mwingereza ambaye ile barakoa ni ya uso wake, aliyekamatwa 1605 na mapipa 36 ya baruti chini ya bunge, yeye na wenzake walitaka kumuua mfalme ili Mkatoliki akae pale, sio raia. Sinema inamgeuza mtetezi wa kila mtu, watazamaji nao wanameza.

Ila kuna kamsichana kadogo kenye miwani, kanachora alama ya V ukutani, kanapigwa risasi na Fingerman, watu wa mtaa wakatoka na vyuma. Ni sekunde chache tu. Kwangu hapo ndo mapinduzi yalipotokea, mengine yote ni fataki.

Kuhusu vyombo, projekta tulikodi kwa jamaa, jina siweki, ukuta ulikuwa umepakwa chokaa vizuri picha ikatoka safi, lakini spika ilikuwa inakoroma kila V akishusha sauti, na huyu bwana anashusha sauti kila saa. Ukikodi jaribu spika mchana kabla ya kulipa. Pia weka maandishi ya chini, Kiingereza chao kinakimbia na kuna matamshi ya ajabu. Hapa kuna upepo, kwa hivyo shuka usitumie, tumia ukuta.

Watoto wadogo hapana, kuna damu na mateso na ile nia ya wale askari pale mwanzoni. Kuanzia kidato cha tatu hivi sawa, na wakitazama na mtu mzima wa kubishana naye ndo bora. Mimi nampa V nyota nne kwa tano. Ami kampa mbili, moja ya Gordon na moja ya Valerie, V mwenyewe sifuri. Bibi anauliza lini tena.