Smart-UPS SMT1500I kwa chumba cha seva Kisumu: nunua, lakini chomeka na kebo ya USB

Kwa ofisi, shule au zahanati ya Kisumu, Kakamega au Bungoma yenye seva moja au mbili, APC Smart-UPS SMT1500I, yaani UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme stima ikipotea), inastahili bei yake, ingawa bei hiyo ni mara kadhaa ya UPS ndogo. Ila sehemu kubwa ya thamani yake imo kwenye kebo ya USB inayokuja ndani ya boksi, na katika ofisi nyingi kebo hiyo haijawahi kutolewa kwenye nailoni. UPS isiyozungumza na seva inaahirisha tu tatizo. Betri ikiisha, seva inazimika ghafla na hifadhidata inaharibika kana kwamba UPS haikuwepo.

VA (volti-ampea) 1500 ni namba ya kuuzia. Ya kupigia hesabu ni wati 1000. Mzigo wa seva, swichi, ruta na kisanduku cha faiba ukiwa kama wati 300, betri mpya inashikilia zaidi ya nusu saa. Ukiijaza hadi wati 1000, tarajia dakika sita au saba. Printa ya leza isiguse UPS hii kabisa, maana inapopasha moto hufyonza stima kwa mkupuo na kengele ya kuzidiwa hulia.

Kwa nini usichukue ya VA 650 inayouzwa kila duka? Ile inatosha kompyuta moja ya mezani. Ikihamia kwenye betri hutoa umeme wenye wimbi la ngazi ngazi, na baadhi ya pawasaplai za seva za kisasa hazipatani nalo: stima inapotea, UPS inalia, na seva inazimika papo hapo wakati betri bado imejaa. SMT1500I hutoa wimbi laini la sine, kama la stima ya kawaida. Pia ina transfoma ya kupandisha na kushusha volti bila kutumia betri, jambo la maana sana huku ambako stima hushuka na kupanda mara nyingi zaidi kuliko inavyokatika.

Boksi likifika, liinueni watu wawili. Lina uzito wa kilo 24 hivi. Betri husafirishwa ikiwa haijaunganishwa, kwa hiyo fungua uso wa mbele, sukuma kiunganishi hadi kikae imara, kisha iache ichaji saa nne kabla ya kuipa mzigo. Kwenye menyu ya skrini weka volti ya kutoa kuwa 240. Kama jengo lina jenereta, shusha kipengele cha Sensitivity hadi Reduced au Low. Usipofanya hivyo, UPS inaona stima ya jenereta imechafuka, inaikataa, na inaendelea kula betri huku jenereta inanguruma nje. Wengi hudhani UPS imeharibika.

Kero ya kwanza ni soketi. Nyuma kuna 8 za C13 (zile za kebo za kompyuta), lakini hakuna hata moja ya pini tatu za mraba tunazotumia Kenya. Seva na swichi zitapata kebo, ila ruta na kisanduku cha faiba vyenye adapta zao vinahitaji ekstensheni yenye kichwa cha C14, kinachoingia kwenye C13. Usivipuuze hivyo vidogo: swichi ikizimika, seva ya pili haitasikia amri ya kujizima, inayopita kwenye mtandao.

Sasa ile kebo. Kwenye Debian au Ubuntu weka kifurushi cha nut, programu inayozungumza na UPS. Katika ups.conf andika kichwa [apc], chini yake driver = usbhid-ups na port = auto. Seva ikiwa moja, nut.conf iwe MODE=standalone; zikiwa zaidi, MODE=netserver kwenye ile yenye kebo, na upsd (sehemu ya nut inayozipa seva nyingine habari za UPS) isikilize mlango 3493 ndani ya mtandao wa ofisi peke yake. Tengeneza mtumiaji katika upsd.users, kisha katika upsmon.conf (faili la upsmon, sehemu inayoizima seva) mtaje kwenye mstari wa MONITOR, seva yenye kebo ikiwa primary na nyingine secondary. Toleo la kabla ya 2.8 linataka maneno master na slave. Ukiandika upsc apc@localhost uone battery.charge na battery.runtime, mawasiliano yapo.

Hapo wengi huacha, na hapo ndipo kosa baya hujificha. Betri inakaribia kuisha, seva inaanza kujizima, na stima inarudi katikati ya safari hiyo. UPS haikukata umeme hata sekunde moja, kwa hiyo seva iliyokwisha kuzimika haioni kwamba stima iliondoka ikarudi, na inabaki imezimwa hadi mtu aje Jumatatu. Dawa yake ni POWERDOWNFLAG katika upsmon.conf: seva ikimaliza kujizima, UPS inaamriwa ikate umeme kwa muda halafu iurudishe. Katika ups.conf, ondelay (sekunde za kungoja kabla ya kurudisha umeme) iwe kubwa kuliko offdelay (za kungoja kabla ya kuukata). Kwa stima inayorudi na kupotea tena ndani ya dakika mbili, ondelay ya 180 ni namba nzuri. Kisha ingia BIOS ya kila seva uweke iwake yenyewe umeme ukirudi. Jaribu mpango wote jioni watu wakishaondoka, kwa upsmon -c fsd, amri inayolazimisha kuzima, huku umesimama mbele ya kabati. Kwa seva za Windows, PowerChute ya APC inafanya kazi ileile kwa mibofyo michache.

Kuhusu radi, usiidai UPS kisichowezekana. Ukanda wa kutoka Kisii hadi Kakamega hupigwa sana: mchana ziwa husukuma hewa yenye unyevu kuelekea miinuko ya Nandi, na alasiri mawingu yanapasuka. Kinga iliyomo ndani ya UPS ni ndogo, na bila waya wa ardhi ulio mzima haina pa kumwaga mshtuko. Tafuta fundi mwenye kipimo cha ardhi, mlenge chini ya omu 10, na kipimo kifanywe Januari au Februari. Udongo mweusi wa tambarare za Kano, karibu na Kisumu, ukikauka hupasuka na kuachana na fimbo ya shaba. Kipimo kizuri cha Aprili, udongo ukiwa umelowa, hakikuhakikishii kitu. Weka pia kinga kwenye boksi kuu la stima, na kebo ya mtandao inayovuka kutoka jengo moja hadi lingine ibadilishwe iwe faiba. Radi nyingi zinazoua swichi huingilia hapo, zikaikwepa UPS kabisa.

Modeli yenye herufi C mwishoni, SMT1500IC, ina mlango wa kuunganisha na wingu la APC. Mnamo 2022 watafiti wa Armis walitangaza udhaifu wa kiusalama walioupa jina TLStorm katika Smart-UPS. Sasisha programu ya ndani, na kama huduma ya wingu huihitaji, mlango huo ubaki mtupu.

Betri ni RBC7, yaani mbili za volti 12 zilizofungwa pamoja, za takriban Ah (ampea-saa) 17 kila moja. Kwa nyuzi 25 zitaishi miaka mitatu hadi mitano. Kila nyuzi 8 hadi 10 zinazoongezeka hupunguza umri huo kwa nusu hivi, na chumba kilichofungwa Kisumu hupita 30 bila shida. Feni ya kutoa hewa hurudisha gharama yake. Ukinunua za badala, badilisha zote mbili kwa pamoja, na kabla ya kulipa zipime kwa mita palepale dukani: betri mpya iliyotunzwa husoma 12.7 au zaidi, na iliyo chini ya 12.4 imekaa rafuni bila kuchajiwa, iache hapo. Ukishaziweka, badilisha tarehe ya betri kwenye menyu, maana UPS huitumia kukadiria lini zitahitaji kubadilishwa tena.