Kambi ya wanafunzi wapya: siku nne za kelele, saa sita za maana

Kambi ya kupokea wanafunzi wapya ni huduma kama huduma nyingine. Mara nyingi gharama yake imo ndani ya ada, hivyo kuipima ni haki ya anayeilipia. Kwa kawaida huchukua siku tatu hadi tano kabla ya mihadhara kuanza. Ukiondoa hotuba, michezo na foleni, kinachobaki chenye uzito ni kama saa sita tu, lakini anayezikosa saa hizo huzilipa kwa wiki kadhaa za kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Dawati la usajili ndilo linalostahili alama ya juu kuliko vyote, na ndilo watu wanalolifikia wakiwa wamechoka. Fika na vyeti halisi pamoja na seti tatu za nakala, maana idara, bweni na ofisi ya usajili kila moja hutaka ya kwake. Kinachoharibika hapa mara nyingi ni jina. Cheti kina majina matatu, kitambulisho kina mawili, halafu karani anaingiza yale yaliyo mbele yake. Kosa hilo hurithiwa na kila kitu kinachofuata: kitambulisho cha chuo, matokeo, hadi cheti cha kuhitimu. Lisahihishe kabla kadi haijachapishwa. Baada ya hapo utaambiwa ulete hati ya kiapo na barua juu yake. Barua pepe ya chuo nayo ifungue palepale dawatini, na uhakikishe namba ya simu iliyounganishwa nayo ni ile utakayoendelea kuitumia. Wengi hubadilisha laini wiki hiyohiyo, kisha ujumbe wa kuthibitisha nenosiri unakwenda kwenye namba iliyokufa.

Ziara ya kuonyeshwa majengo ni sehemu dhaifu. Kiongozi mmoja, watu arobaini, na walio nyuma hawasikii kitu. Ziara yenye faida ni ile utakayoifanya mwenyewe na ratiba yako mkononi. Anza na kipindi cha kwanza cha Jumatatu, nenda hadi mlango wa chumba chenyewe, kisha tembea hadi cha pili huku ukihesabu dakika. Kama kati ya vipindi kuna dakika kumi na safari yako imekula kumi na mbili, omba kuhamishiwa kundi lingine la semina siku hiyohiyo, nafasi zikiwa bado zipo. Na kabla ya kuanza safari uliza namba za vyumba husomwaje. Mara nyingi herufi ni jengo na tarakimu ya kwanza ni ghorofa, ila kuna majengo ambayo ghorofa ya chini ndiyo sifuri, na hapo ndipo watu hupotea.

Kikao na mshauri wa masomo usikikose hata kama jua linawaka. Hapo ndipo mzigo wa kozi unapogeuka kuwa saa. Katika mfumo wa Ulaya wa krediti, yaani vipimo vya mzigo wa kozi, mwaka mzima ni krediti 60, na kila moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, yaani saa 1,500 hadi 1,800. Katika mfumo wa Marekani, krediti moja ya muhula ni takriban saa moja darasani na mbili nje ya darasa kila wiki, hivyo anayechukua krediti 15 amejitwisha saa 45 kwa wiki. Muulize mshauri mambo matatu: kozi ipi inadai nyingine itangulie, tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila alama mbaya kubaki kwenye rekodi, na kama mtihani wa mwisho una kiwango chake cha kufaulu. Hilo la tatu ndilo linalowaingiza wengi kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio: jumla inatosha, kumbe alama za mtihani peke yake hazikufika.

Hotuba za ukumbini zina tatizo moja kubwa: zinamwaga kila kitu wiki ambayo hakuna anayekihitaji. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza huanza kupotea ndani ya siku ya kwanza. Usihangaike kunakili hotuba. Andika jina la cheo, namba ya chumba na saa za kufungua.

Michezo? Inategemea ukubwa wa kundi. Chuo cha Dartmouth, Marekani, kimekuwa kikiwapeleka wanafunzi wapya safari za nje tangu 1935, na sehemu ya siri yake ni vikundi vidogo: mnaobeba mizigo pamoja na kupika pamoja lazima mjuane majina. Umati wa mia mbili unaoimba mbele ya spika haujuani. Mchezo wowote usioweza kuukataa, au unaoambiwa usiusimulie, huo si wa kambi. Ondoka.

Chumba cha bweni kikague kabla ya kusaini fomu ya vifaa. Piga picha godoro, kitasa, dirisha, bomba na soketi, kisha msimamizi aandike kasoro kwenye fomu yenyewe. Za mdomo hazihesabiki siku ya kurudisha funguo. Waya wa kurefushia umeme wa ampea 10 kwenye volti 230 hubeba wati 2,300. Birika la wati 2,000 na pasi ya 1,000 vikiwashwa pamoja vimeshapita, na waya ulioviringishwa huchemka mapema zaidi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, pale inaposhauriwa kwa wanaokaa mabwenini, ichomwe wiki mbili kabla ya kuhamia, kwani mwili huhitaji muda kujenga kinga.

Aliyechelewa kufika asililie michezo. Aende usajili, kisha idara, kisha maktaba, kwa mpangilio huohuo: maktaba kwa kawaida haimfungulii asiye na kitambulisho, na vyuo vingi havitoi kitambulisho kabla usajili haujakamilika.