Vifaa vya ndondi Kisumu ukiwa umevuka arobaini: kipi mtumba, kipi kipya

Anayeanza ndondi akiwa na miaka arobaini na kitu hushauriwa sana kuhusu pumzi, magoti na presha. Kuhusu vifaa huachwa ajitafutie, na wengi hununua kinyume: glavu kuukuu za bei ya kutupa, halafu viatu vipya vya bei ghali. Tathmini hii ni ya vifaa vinavyopatikana Kisumu, kwenye mitumba ya Kibuye (nenda Jumapili, tena mapema), kwenye maduka ya michezo mjini na kwa mafundi wa jua kali. Imeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka sparingi ya kweli (mazoezi ya kupigana na mwenzako) na, mambo yakienda vizuri, pambano. Wa kupunguza kitambi tu ana uhuru zaidi wa kubahatisha.

Kuna kanuni moja inayobadilisha orodha ya manunuzi. Ndondi za ridhaa za kimataifa huruhusu wakubwa wa miaka 19 hadi 40. Ukishavuka hapo, utakachopata ni pambano la maonyesho linalopangwa na klabu, si ubingwa. Judo ina madaraja ya wakongwe kuanzia miaka 30, yakipanda kila baada ya miaka mitano, na jujitsu ya Brazil hufungua daraja jipya katika miaka 30, 36, 41, 46 na 51. Kwa hiyo mwenye miaka 44 anayetamani medali rasmi asimalize pesa zote kwenye glavu. Habari za gi, yaani vazi la judo na jujitsu, ziko mwishoni.

Glavu: mpya, wakia 16

Hapa ndipo nusu ya bajeti iende. Glavu ya sparingi kwa mtu mzima ni ya wakia 16, yaani gramu 454 hivi kila mkono. Za mashindano ni nyepesi, wakia 10 kwa wanaume wa uzani mdogo na 12 kwa uzani mkubwa, na hazifai kumpigia mwenzako mazoezini wiki nenda wiki rudi.

Ubovu wa glavu ya mtumba hauonekani kwenye ngozi. Ngozi hupakwa mafuta ikang'aa, mnunuzi akadhani ameokota kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza. Ubovu umo ndani. Sponji iliyopigishwa gunia la mazoezi kwa muda mrefu hukandamizika pale penye kifundo cha kidole cha shahada na cha kati, ikabaki nene pembeni ambako haigusi kitu. Ukirusha ngumi, nguvu yote inarudi kwenye mifupa ya kiganja. Wanaoanza hutua ngumi upande wa kidole cha mwisho, na mfupa unaokibeba ndio huvunjika kwanza. Ukiwa na miaka 45, ukae ukijua hautaunga kwa kasi ya kijana wa 19.

Ukisisitiza kununua mtumba, fanya hivi palepale kibandani. Vaa glavu, kunja ngumi, kisha bonyeza juu ya vifundo kwa dole gumba la mkono wa pili. Ukikihisi kifundo chako, irudishe. Bonyeza tena kwa nguvu, hesabu hadi tano, achia: shimo likibaki, sponji imekufa. Halafu pima kila glavu peke yake kwa mizani ya muuza mchele (wa omena hatakusaidia, hupima kwa mkebe wa gorogoro, nao haujui gramu). Moja ikizidi nyenzake kwa gramu 30 au zaidi, ama imenyonya maji ama iliwahi kufumuliwa ikajazwa kitu kingine. Angalia pia dole gumba: liwe limeshikizwa kwa mshono kwenye mwili wa glavu. Likiwa huru hunaswa na kuteguka, au huingia kwenye jicho la mwenzako.

Glavu iliyofaulu vipimo hivyo inafaa kwa pedi (ngao anazoshika kocha mikononi) na kujifunza mtindo. Hata hivyo usiipeleke kwenye sparingi. Glavu mpya ya reksini kutoka dukani, isiyo ya ngozi halisi, inatosha kabisa mradi usiipigishe gunia. Gunia ndilo linaloua sponji. Nenda dukani ukiwa na bandeji zako, uzifunge kabla ya kujaribu, kwa sababu glavu inayokaa vizuri mkono mtupu haitaingia mkono uliofungwa. Chagua ya velkro yenye mkanda wenye upana wa vidole vinne kwenye kiwiko cha mkono (pale kiganja kinapoungana na mkono). Za kamba hushika vizuri zaidi, ila huwezi kujifungia mwenyewe.

Unyevu wa ziwa ni adui mwingine. Ukitoka mazoezini, jaza magazeti makavu ndani ya glavu, ziache wazi kivulini penye upepo, ubadilishe magazeti baada ya saa chache. Jua la mchana hukausha haraka lakini hupasua reksini kwenye mikunjo.

Bandeji: za duka la dawa hazifai

Bandeji ya kuvutika ya duka la dawa ni rahisi na inapatikana kila mtaa, nayo ni pesa iliyopotea. Huvutika mno, hulegea baada ya raundi moja na kujikusanya kiganjani. Tafuta ya pamba yenye kuvutika kidogo, urefu mita 4.5, upana sentimita 5.

Tanua vidole muda wote unaofunga. Pitisha kitanzi kwenye dole gumba, peleka upande wa mgongo wa mkono, zungusha mara tatu kwenye kiwiko cha mkono, mara tatu kwenye vifundo, kisha pita katikati ya vidole, kila mara ukirudi kwenye kiwiko. Zungusha dole gumba mara moja, malizia vifundo na kiwiko. Kunja ngumi: inapaswa kukaza. Fungua: ulegevu urudi. Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, umevifunga vikiwa vimekunjwa. Fungua uanze upya.

Kinga ya meno

Ile ya kuchemsha na kuuma inatosha kwa mwenye meno kamili. Makosa hutokea jikoni. Maji yakishachemka, epua sufuria, tumbukiza kinga kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti (mara nyingi sekunde 30 hadi 60), itoe kwa kijiko, ipitishe kwenye maji ya baridi mara moja tu isikuunguze, kisha iweke kwenye meno ya juu. Uma kwa nguvu ya wastani, nyonya maji na hewa, bonyeza kwa vidole kupitia mashavu na mdomo kwa sekunde 20 au zaidi. Malizia kwenye maji baridi. Ukiuma kwa nguvu zote unaitoboa, na meno ya juu na ya chini yatagongana siku ya kwanza. Ukiiacha majini kupita kiasi hujikunja isifae tena. Kisumu, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu nyuzi 96 badala ya 100, kwa hiyo anza na muda mrefu wa pakiti, si mfupi. Ikiwa haibaki juu ukifungua mdomo, ichemshe tena.

Wenye mapengo au meno bandia wasihangaike na ya pakiti. Meno ya kuvaa yatolewe kabla ya sparingi, na kinga itengenezwe na daktari wa meno kwa kipimo cha mdomo. Hiki ndicho kitu pekee kwenye orodha hii ambacho bei kubwa inastahili bila mjadala. Na mtumba wa kinga ya meno? Upo. Pita.

Kofia ya sparingi

Nunua mpya, ila usiitegemee kuliko inavyostahili. Kofia hupunguza michaniko ya nyusi na uvimbe. Haizuii mtikisiko wa ubongo. Mwaka 2013 shirikisho la kimataifa liliiondoa kwenye mapambano ya wanaume wakubwa. Mazoezini ibaki, maana jeraha la usoni Jumatatu ofisini lina maswali yake. Ivae, ifunge kidevuni, kisha ishike kwa mikono na kujaribu kuizungusha. Ikifunika jicho, ni kubwa. Zile za taekwondo zinazopatikana Kibuye, za sponji iliyochovywa, huacha mashavu wazi. Ziache kwa watu wa taekwondo.

Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda asinunue kofia wala kitu kingine cha sparingi. Hapo hakuna kifaa cha kusaidia. Abaki kwenye gunia na pedi. Na aliyeangushwa kwa pigo la kichwa asiweze kuendelea, kanuni za ridhaa humweka nje angalau siku 30, nazo zinafaa kufuatwa hata mazoezini ambako hakuna daktari wa kumzuia.

Gunia la jua kali: alama ya juu kabisa

Gunia la dukani husafirishwa tupu au limejazwa hovyo. Fundi anayeshona maturubai ya lori atakutengenezea bora zaidi, ukimpa vipimo. Urefu mita 1.2, kipenyo sentimita 35: mwili wake ni kipande cha turubai nzito cha sentimita 115 kwa 130, pamoja na mduara wa chini uliokunjwa mara mbili. Mwambie mikanda minne ya kubebea (ile ya kufungia mizigo ya lori) ishuke ubavuni hadi chini ya kitako na kupanda upande wa pili. Mikanda ikishonwa ukingoni juu tu, mshono utaachia ndani ya miezi michache, nalo gunia litakuangukia miguuni.

Kujaza ni kazi yako. Vipande vya nguo kutoka kwa mafundi cherehani vinafaa sana. Ondoa zipu na vifungo vyote. Weka tabaka la sentimita 15, shindilia kwa mbao butu ukizunguka kutoka pembeni kwenda katikati, weka lingine. Likijaa litakaribia kilo 35 au 40, zinazotosha mtu wa kilo 75 hadi 80. Usimwage mchanga. Hushuka chini ukawa jiwe, na mikono ndiyo hulipa. Hata nguo hushuka. Kila baada ya muda lifungue, chambua tabaka la chini na uongeze juu.

Litundike kwa mnyororo wenye kizungusho. Bila hicho mnyororo hujipinda na kulegeza ndoano. Boriti itobolewe na kupitishwa bolti yenye nati. Msumari hautabeba kitu kinachoyumba.

Viatu: nenda mtumba bila wasiwasi

Hapa Kibuye inashinda duka. Kwenye viatu vya mtumba hutokea vya ndondi na vya mieleka, vyepesi, vyenye shingo ndefu na soli nyembamba, na hakuna anayeshindana nawe kwa sababu haviendi kazini wala kanisani. Kikunje kiatu hadi ncha ya mbele iguse kisigino: soli ikipasuka au kumwaga unga, gundi na sponji yake vimezeeka. Soli iliyoanza kubanduka ukingoni si tatizo. Fundi viatu huishona kwa uzi wa nailoni ukisubiri.

Raba za kukimbilia ziache nyumbani. Soli yake hushika sakafu wakati mwili unageuka, na goti ndilo linalojipinda. Ila viatu vya ndondi havina kisigino kilichoinuka, na mshipa wa nyuma ya kifundo cha mguu wa mtu aliyezoea viatu vya ofisi hulalamika. Wiki za mwanzo vivae kwa raundi chache tu.

Gi

Mavazi ya judo ya mtumba ni mazuri kuliko yanavyopewa sifa, maana pamba nzito haichakai upesi. Kagua mshono wa kwapani, wa magotini na kola. Kwa judo, nyosha mikono mbele: mkono wa koti ufunike hadi kiwiko cha mkono, na suruali isipande zaidi ya sentimita 5 juu ya kifundo cha mguu. Mashindano ya kimataifa hudai nyeupe na ya buluu. Jujitsu hukubali nyeusi pia, na huruhusu mkono wa koti upungue hadi sentimita 5. Ya mtumba kwa kawaida imeshafuliwa na kunywea, kwa hiyo inayokutosha leo itaendelea kukutosha. Mpya ya pamba nunua iliyozidi kidogo, na ifue kwa maji baridi.